Kutoka Dramu ya Fotokopi hadi Kioo cha Simu: Utangulizi wa Semikondakta za Kikaboni

Fundi anayebadilisha dramu ya mashine ya fotokopi ana desturi ambayo wateja wengi hawaizingatii: dramu mpya huitoa kwenye mfuko wake mweusi dakika ya mwisho, na ile aliyoichomoa ili asafishe mashine huifunika isipigwe na mwanga. Silinda hiyo ya alumini, ambayo mara nyingi ina rangi ya kijani au ya buluu, imepakwa matabaka membamba ya molekuli za kaboni ambazo gizani huzuia umeme na zikimulikwa huupitisha. Molekuli hizo ni semikondakta za kikaboni. Kwa miaka mingi kabla ya simu zenye vioo vya OLED (diodi za kikaboni zinazotoa mwanga) kuenea, mashine za fotokopi na printa za leza ndizo zilizozisambaza duniani, zikiwamo zile za steshenari zetu za mitaani, na hata hivyo ni wachache waliopata kusikia habari zake. Ninaandika makala hii kwa sababu naamini ni miongoni mwa mambo mazuri zaidi ambayo kemia ya kaboni imetupatia, na kwa sababu sioni kwa nini yasielezwe kwa Kiswahili kwa urefu unaostahili.

Tuanze na dramu yenyewe. Gizani, uso wake hutiwa chaji hasi ya volti mia kadhaa, na chaji hiyo hubaki palepale kwa kuwa haina njia ya kuondoka. Mwanga wa leza unapopiga sehemu fulani, hupenya tabaka la juu lililo angavu na kufika kwenye tabaka la chini, jembamba zaidi, lenye rangi ambazo kwa kawaida ni za jamii ya fthalosianini. Rangi hizo hufyonza mwanga na kuzalisha chaji za aina mbili. Chaji hasi huishia kwenye alumini. Chaji chanya husafiri kupitia tabaka la juu, ambalo unene wake ni mikromita zipatazo 20, hadi kwenye uso wa dramu, na huko huifuta chaji hasi iliyokuwepo. Katika printa ya leza, unga wa tona hunata mahali palipofutwa, kisha huhamishiwa kwenye karatasi na kuyeyushwa kwa joto. Dramu za awali zilikuwa za seleniamu, wakati mwingine ikichanganywa na aseniki. Molekuli za kaboni ziliishinda seleniamu kwa sababu ni za bei nafuu, na kwa sababu tabaka lake huweza kupakwa kwa kuichovya tu silinda ndani ya kimiminika na kuiacha ikauke. Jambo hilo la kuchovya ni dogo machoni, lakini ndilo chimbuko la matumaini mengi yaliyokuja baadaye.

Semikondakta, kwa maneno ya kawaida, ni maada ambayo elektroni zake haziko huru kama zilivyo katika shaba, wala hazikufungwa kabisa kama zilivyo katika plastiki ya ndoo. Kati ya ngazi ya nishati ambamo elektroni zimetulia na ngazi ambamo zinaweza kusafiri kuna pengo, na pengo hilo ni dogo kiasi kwamba mwanga, joto au kiongezo kidogo cha kemikali kinatosha kuzivusha. Elektroni inapovuka, huacha nyuma nafasi tupu ambayo nayo husafiri kana kwamba ni chembe yenye chaji chanya. Wanafizikia huiita tundu. Katika silikoni, pengo hilo ni elektronivolti 1.1 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati kinachofaa kwa elektroni moja). Kila atomu ya silikoni imeshikamana na jirani zake wanne kwa vifungo imara, mfululizo, kutoka upande mmoja wa kipande hadi mwingine, na ndiyo maana silikoni huyeyuka kwenye nyuzi 1414 za Selsiasi na kuitengeneza kunahitaji tanuri, usafi wa hali ya juu na mitaji mikubwa.

Molekuli za kaboni zimejengwa kwa namna nyingine. Atomu ya kaboni ina elektroni nne za nje. Katika mnyororo au pete ambamo vifungo maradufu hupishana na vifungo pekee, elektroni tatu za kila atomu hutumika kuishikilia mifupa ya molekuli, na ya nne hubaki juu na chini ya bapa la molekuli, ikigusana na wenzake wa atomu za jirani. Elektroni hizi za nne haziwi tena mali ya atomu moja. Huenea kwenye molekuli nzima. Kadiri mfululizo wa vifungo vinavyopishana unavyorefuka, ndivyo pengo la nishati linavyopungua, na linapoingia kati ya elektronivolti 1.6 na 3.1 molekuli huanza kufyonza mwanga unaoonekana, yaani hupata rangi. Beta-karotini, inayovipa karoti na viazi lishe rangi yao ya chungwa, ina vifungo maradufu 11 vinavyopishana hivyo, na hufyonza mwanga wa buluu wenye urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 450 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Etilini, yenye kifungo maradufu kimoja tu, hufyonza mwanga wa urujuanimno ambao jicho haliuoni kabisa. Kwa hiyo mtu anayetafuta semikondakta ya kikaboni hutafuta kwanza miongoni mwa rangi, na si ajabu kwamba viwanda vilivyochangia mno katika historia hii ni vya rangi na vya picha.

Kuna ukoo mmoja wa molekuli ambao huonyesha jambo hili waziwazi. Pete mbili za benzini zikiunganishwa ubavu kwa ubavu hufanya nafthalini, ile ya vidonge vyeupe ambavyo watu huweka kwenye makabati ili nondo wasile nguo. Pete tatu ni anthrasini, nne ni tetrasini, tano ni pentasini. Nafthalini haina rangi. Pentasini ni ya buluu iliyokolea. Nafthalini ina jambo jingine la kutufunza, ambalo kila aliyewahi kufungua kabati lenye vidonge hivyo amelishuhudia: hunusika, na baada ya muda vidonge hupungua hadi kwisha bila kuyeyuka. Hunusika kwa sababu molekuli zake, ijapokuwa kila moja imeshikamana kwa nguvu ndani yake, zimeshikana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu hafifu mno, kiasi kwamba joto la kawaida la chumba linatosha kuzing'oa moja moja na kuzitupa hewani.

Hapo ndipo penye kiini cha somo zima. Katika silikoni, chaji inasafiri kwenye kitu kimoja kilichoungana. Katika semikondakta ya kikaboni, chaji inakaa juu ya molekuli moja, kisha inarukia molekuli ya jirani, kisha nyingine, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe badala ya kupita darajani. Kila mruko unahitaji nishati kidogo na bahati kidogo. Wepesi wa chaji hupimwa kwa sentimita za mraba kwa volti kwa sekunde. Kwa elektroni za silikoni ni takriban 1400, ilhali transista (swichi ndogo za umeme) nzuri za kikaboni hupata kati ya 1 na 10, na fuwele safi za rubrini, molekuli nyingine ya pete za kaboni, hufika karibu 20. Anayeziona tarakimu hizo kwa mara ya kwanza huhitimisha kwamba semikondakta za kikaboni ni silikoni iliyoshindwa. Siafiki hata kidogo. Udhaifu wa mshikamano kati ya molekuli ndio unaopunguza mwendo wa chaji, lakini ndio huohuo unaowezesha maada hizi kuyeyushwa katika kimiminika na kupakwa, au kupashwa moto wa wastani katika ombwe na kutua juu ya plastiki bila kuiunguza. Ndio unaozifanya zikunjike bila kuvunjika. Na kwa kuwa kila molekuli inabaki na tabia yake binafsi, mkemia anaweza kubadilisha kundi moja la atomu na kupata rangi nyingine. Huwezi kuuondoa udhaifu huo na kubaki na faida hizo.

Hata katika mwendo wenyewe, mipaka si ya kudumu. Mwaka 1985 Wilhelm Warta na Norbert Karl, nchini Ujerumani, walipima fuwele za nafthalini zilizosafishwa kwa uangalifu wa ajabu na kupozwa hadi nyuzi chache juu ya sifuri kamili, yaani baridi ya mwisho kabisa, wakakuta wepesi wa matundu ukifikia takriban 400 kwa kipimo kilekile. Hiyo ni nafthalini, kemikali ya vidonge vya kabatini. Katika baridi ile, mitetemo ya molekuli inayoivuruga chaji ilikuwa imetulia. Uchafu na mtetemo, basi, ndio maadui, na sehemu kubwa ya kazi ya miaka arobaini iliyopita imekuwa ni kupambana navyo.

Kuhusu jinsi maada hizi zilivyogunduliwa, historia ni ndefu kuliko inavyosimuliwa. Henry Letheby alitengeneza London, mwaka 1862, maada ya buluu kutokana na anilini kwa kutumia umeme, ambayo leo tunaitambua kuwa ya jamii ya polianilini, plastiki inayoweza kupitisha umeme. Hideo Akamatu, Hiroo Inokuchi na Yoshio Matsunaga walionyesha nchini Japani mwaka 1954 kwamba perilini, molekuli ya pete za kaboni, ikichanganywa na bromini hupitisha umeme vizuri. Lakini jambo lililobadilisha mtazamo wa dunia lilitokea kwa poliasetilini, mnyororo mrefu wa kaboni ambamo vifungo maradufu na pekee hupishana. Mwaka 1967, katika maabara alimofanya kazi Hideki Shirakawa jijini Tokyo, kichocheo kilitiwa mara elfu moja zaidi ya kiasi kilichokusudiwa, na badala ya unga mweusi wa kawaida likatokea ganda la rangi ya fedha. Shirakawa hakulitupa. Alan MacDiarmid alipotembelea Tokyo na kuonyeshwa ganda lile, alimwalika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na huko, pamoja na Alan Heeger, walilifukiza kwa mvuke wa bromini na wa iodini. Iodini hunyakua elektroni kutoka kwenye mnyororo wa kaboni na kuacha matundu yanayoweza kusafiri. Upitishaji wa umeme ulipanda mara milioni kadhaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1977, na mwaka 2000 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Poliasetilini yenyewe haikuwahi kuwa bidhaa. Hewa huiharibu upesi. Thamani yake ilikuwa kuonyesha kwamba plastiki haikuumbwa iwe kihami tu. Mrithi wake aliyefaulu sokoni ni PEDOT, polima (yaani molekuli ya mnyororo mrefu, kama zile za plastiki) ambayo ikichanganywa na polima nyingine iitwayo PSS husambaa ndani ya maji na kupakwa kama rangi ya ukutani, na iliyotumiwa kwanza kuzuia umemetuli kwenye filamu za picha. Wengi wetu tuliopiga picha kwa kamera za filamu katika miaka ya 1990 huenda tuliishika bila kujua.

Sasa tufike kwenye kioo cha simu, kwa kuwa hapo ndipo semikondakta za kikaboni zimepata ushindi wao mkubwa kuliko wote. Martin Pope na wenzake, New York, walitoa mwanga kutoka kwenye fuwele ya anthrasini mwaka 1963, lakini walihitaji volti zipatazo 400, jambo ambalo halikufaa kwa kifaa chochote cha mkononi. Ufumbuzi ulitoka Kodak, kampuni ya filamu za picha. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke walieleza kifaa chenye matabaka mawili, moja la kusafirisha matundu na jingine la kusafirisha elektroni na kutoa mwanga, ambayo kwa pamoja unene wake ni takriban nanomita 135. Kilitoa mwanga wa kijani kwa volti zisizofika 10. Tabaka la matundu lilikuwa la molekuli za jamii ya amini zile ambazo wataalamu wa fotokopi walikuwa wakizitumia kusafirishia chaji ndani ya dramu. Napenda sana kiungo hiki, kwa sababu kinaonyesha kwamba kioo cha OLED hakikuzuka kutoka katika ndoto ya mtu mmoja. Kilikua kutoka katika utaalamu wa kazi ya kila siku ya kunakili karatasi.

Utendaji wake unaelezeka. Upande mmoja wa matabaka hayo kuna elektrodi angavu inayoingiza matundu. Upande wa pili kuna elektrodi ya metali inayoingiza elektroni. Vikikutana katikati juu ya molekuli moja, hufanya jozi iitwayo eksitoni, na elektroni inapoangukia ndani ya tundu, nishati ya jozi hiyo hutoka kama mwanga wenye rangi inayoamuliwa na pengo la nishati la molekuli hiyo. Kila nukta ya kioo cha OLED huwaka yenyewe, na ikitakiwa kuwa nyeusi huzimwa kabisa. Kioo cha LCD, kinyume chake, kina taa nyuma yake inayowaka muda wote, na nukta zake hufanya kazi ya kuziba au kupitisha mwanga wa taa hiyo. Tofauti hii ina faida ya papo hapo kwa anayebadilisha kioo kilichovunjika, maana sokoni kuna vioo vya LCD vinavyofungwa kwenye simu zilizotoka kiwandani na OLED. Weka picha nyeusi tupu, ingia chumba chenye giza, ongeza mwanga wa kioo hadi mwisho: kikionekana kama kijivu kinachong'aa, hicho ni LCD, kikipotea gizani, ni OLED. Ni kwa sababu hiyohiyo pia mandhari meusi hupunguza matumizi ya betri kwenye simu za OLED na hayasaidii kitu kwenye za LCD.

Mwaka 1990 Jeremy Burroughes, Donal Bradley, Richard Friend na wenzao wa Cambridge walionyesha kwamba polima nayo inaweza kuwaka hivyo, na kwa muda ilidhaniwa kwamba vioo vyote vitachapwa kama magazeti. Haikuwa hivyo. Vioo vingi vya simu leo hutengenezwa kwa kufukiza molekuli ndogo ndani ya ombwe, zikipita kwenye vitobo vidogo sana vya bamba la metali ili kila rangi itue mahali pake. Kazi hiyo ni ya gharama na ya uangalifu mkubwa, na inaeleza sehemu ya bei ambayo fundi anakutajia.

Kulikuwa na tatizo la kimsingi zaidi. Kanuni za kwantamu zinasema kwamba katika kila eksitoni nne zinazoundwa kwa umeme, moja tu ndiyo inayoruhusiwa kutoa mwanga upesi. Tatu zilizobaki huishia kuwa joto. Robo tatu ya nishati inapotea bure. Mwaka 1998 Marc Baldo, Stephen Forrest, Mark Thompson na wenzao walionyesha kwamba molekuli ya kaboni ikibeba atomu nzito kama ya platini, katazo hilo hulegea na zile tatu nazo huwaka. Muda si mrefu iridiamu ikachukua nafasi ya platini kwa rangi nyekundu na kijani. Mwaka 2012 kundi la Chihaya Adachi wa Chuo Kikuu cha Kyushu lilieleza njia nyingine isiyohitaji metali nzito, ambapo joto la kawaida la mazingira linazipandisha eksitoni zilizozuiwa hadi kwenye hali inayowaka. Rangi iliyobaki kuwa sugu ni buluu. Nishati ya mwanga wa buluu, karibu elektronivolti 2.7, inakaribia ile inayoweza kuvunja baadhi ya vifungo dhaifu vya molekuli yenyewe, kwa hiyo molekuli ya buluu hujiua polepole kwa kazi yake. Ndiyo maana viwanda huzipa nukta za buluu eneo kubwa zaidi, na ndiyo maana simu iliyoonyesha alama zilezile kwa miaka hubaki na kivuli chake. Siku hizi baadhi ya watengenezaji hubadilisha hidrojeni za molekuli hizo kwa deuteriamu, ambayo ni nzito maradufu na kifungo chake na kaboni huvunjika kwa shida zaidi.

Adui wa pili ni hewa. Kioo cha OLED huvumilia mvuke wa maji usiozidi takriban sehemu moja ya milioni ya gramu kwa mita ya mraba kwa siku. Simu inapoanguka na ufa ukafika kwenye tabaka la ulinzi, unyevu na oksijeni huingia, na doa jeusi hutokea na kutanuka siku hadi siku. Wengi hulieleza kama wino uliomwagika ndani. Hakuna wino wowote pale. Ni molekuli na elektrodi zinazokufa kuanzia pale hewa ilipoingilia, na kwa sisi tunaoishi katika unyevunyevu wa pwani hakuna sababu ya kuahirisha matengenezo.

Seli za jua za kikaboni ndizo ambazo mtu wa Afrika Mashariki angetarajia nizitaje kwanza, na zina historia iliyotugusa kwa njia ya pekee. Mwanga unapofyonzwa na silikoni, elektroni na tundu huachana karibu papo hapo. Katika maada ya kikaboni hubaki zimefungamana kwa nguvu ya elektronivolti 0.3 au zaidi, ilhali joto la chumba linatoa takriban 0.025 tu. Kuzitenganisha kunahitaji molekuli ya pili, inayopenda elektroni kuliko ya kwanza, na lazima iwe karibu, kwa sababu eksitoni husafiri nanomita zipatazo 10 tu kabla ya kufa. Tang alionyesha seli ya matabaka mawili ya namna hiyo mwaka 1986, yenye ufanisi wa asilimia 1 hivi. Mwaka 1995 kundi la Heeger lilichanganya maada hizo mbili katika tabaka moja, zikafumana kiasi kwamba popote eksitoni inapozaliwa, mpaka uko jirani. Kwa miaka ishirini mpokeaji wa elektroni alikuwa ni molekuli za jamii ya fulerini, yaani za kaboni zenye umbo la mpira, na ufanisi ukakwama kwenye asilimia 11 au 12. Kisha wakemia wa China wakabuni wapokeaji wa aina nyingine. Ile iitwayo Y6, ya Yingping Zou na wenzake, ilifikisha asilimia 15.7 mwaka 2019, na sasa maabara zimefika takriban asilimia 20 kwenye vipande vidogo.

Mwaka 2010 watafiti wa Cambridge walianzisha kampuni iitwayo Eight19, jina linalotokana na dakika 8 na sekunde 19 ambazo mwanga wa jua huchukua kutufikia, kwa lengo la kuchapa seli za jua za plastiki. Wakitafuta wateja wasio na umeme wa gridi, walibuni mfumo wa kulipia taa za sola kidogo kidogo kwa kadi za kukwangua, na mwaka 2011 wakauanzisha nchini Kenya. Paneli zilizotumika zilikuwa za silikoni. Mfumo wa malipo ulifaulu kiasi cha kuzaa kampuni yake, Azuri, mwaka uliofuata, huku seli za plastiki zikiendelea kungoja maabarani. Nalichukulia tukio hilo kwa uzito: bei ya silikoni ilikuwa ikiporomoka, paneli zake hudumu miaka zaidi ya ishirini juu ya bati, na yeyote anayemwambia mkulima wa Machakos au wa Singida asubiri seli za kikaboni anamshauri vibaya.

Mahali pa seli za kikaboni ni pengine. Jengo la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika jijini Addis Ababa, lililopewa jina la Julius Nyerere na kufunguliwa mwaka 2016, lina vioo vya paa vyenye seli za kikaboni za buluu zinazopitisha sehemu ya mwanga, zikiwa zimepangwa kwa umbo la bara letu. Huko zimefanya kazi mbili, kivuli na umeme, ambazo paneli nzito ya silikoni isingezifanya kwa namna ile. Ndani ya majengo, chini ya taa za LED, seli hizi hupata ufanisi wa zaidi ya asilimia 25, kwa sababu pengo lake la nishati linaweza kulinganishwa na mwanga wa taa hizo; kampuni ya Epishine ya Linköping, Sweden, huzitengeneza kwa ajili ya vihisi vidogo ambavyo vinginevyo vingehitaji kubadilishiwa betri kila mara.

Transista za kikaboni hazitaingia kwenye prosesa ya kompyuta, na hakuna aliye makini anayezitakia hivyo. Kundi la Tokyo la Takao Someya na wenzao wa Austria walitengeneza mwaka 2013 saketi juu ya plastiki yenye uzito wa gramu 3 kwa mita ya mraba; karatasi ya kawaida ya fotokopi ni gramu 80. Saketi kama hiyo hukunjwa kama kipande cha hariri na kulala juu ya ngozi bila kuhisiwa. Mwaka huohuo kundi la George Malliaras, likiwa Ufaransa, liliripoti kurekodi ishara za ubongo wa mnyama aliye hai kwa transista za PEDOT. Polima hii hupitisha elektroni na pia huruhusu ayoni (atomu zenye chaji) kuingia ndani yake, na mwili huzungumza kwa ayoni. Silikoni haina uwezo huo, na nadhani tiba ndiyo itakayokuwa matumizi ya heshima zaidi ya semikondakta za kikaboni katika miongo ijayo.

Jambo linalonigusa zaidi ni shule zetu. Mwanafunzi wa kidato cha sita anakariri mwitikio wa benzini na asidi ya nitriki, anachora duara ndani ya pembe sita, na hufaulu mtihani bila kuambiwa kwamba elektroni za duara lile ndizo zinazowasha kioo cha simu iliyo mfukoni mwake. Wala si kweli kwamba utafiti huu ni wa mbali na sisi. Katika Chuo Kikuu cha Addis Ababa, Profesa Wendimagegn Mammo na wanafunzi wake kwa miaka mingi wamesanisi polima za seli za jua wakishirikiana na watafiti wa Sweden. Kutengeneza kifaa kizima kunahitaji ombwe na vyumba vya naitrojeni. Kusanisi molekuli kunahitaji maabara nzuri ya kemia. Kukokotoa tabia zake kunahitaji kompyuta na mtu anayejua anachotafuta.

Hata kalamu na karatasi zinatosha kuanzia. Chukua beta-karotini, yenye kaboni 22 katika mfululizo wa vifungo vinavyopishana, na uzichukulie elektroni zake 22 kana kwamba ziko huru ndani ya sanduku lenye urefu wa nanomita 2.94, yaani vifungo 21 vya nanomita 0.14 kila kimoja. Fomula ya mwaka wa kwanza chuo kikuu itakupa pengo la elektronivolti 1.0, ambalo lingeifanya karoti ifyonze mwanga wa infraredi na kukosa rangi yake. Kipimo halisi kinakaribia 2.7. Tofauti hiyo inatokea kwa sababu vifungo havilingani: vile maradufu ni vifupi, vile pekee ni virefu, na elektroni zinauhisi mpishano huo. Mnyororo ukirefushwa bila kikomo, kwa hesabu ya sanduku pengo lingepungua hadi kutoweka na poliasetilini ingekuwa metali. Kwa uhalisi, mpishano wa vifungo huacha pengo la takriban elektronivolti 1.5, na ndiyo maana ganda la Shirakawa, pamoja na mng'ao wake wote wa fedha, lilibaki kuwa semikondakta hadi lilipofukizwa.